Tone Lenye Kitambi: Kumuaga Dada Luan wa Meza za Kupimia

Kiwanda chetu cha vali kimesimama hapa Changhua miaka yote hii kwa sababu mbili: chuma kizuri na mimi. Sisemi kwa majivuno. Ni jambo linalojulikana kuanzia kwa mlinzi wa getini hadi kwa mama wa jikoni. Ndiyo maana ofisi ilipotaka mtu wa kuandika wasifu wa Dada Shih Su-luan kwenye kijitabu hiki cha sherehe haikujisumbua kwa wenye digrii. Ilikuja moja kwa moja kwangu mimi, Nien Huo-wang, msimamizi wa meza za kupimia, mtu aliyeiacha shule mapema ili asiwaaibishe walimu.

Wanaonifahamu wanajua pia sifa za macho yangu. Nikiwa mwisho wa ukumbi naliona tone la maji kwenye mdomo wa vali likiwa bado linafikiria kudondoka. Kile kimbunga kilichoezua paa la ghala, mimi nilikiona tangu kikiwa Ufilipino. Vijana wa zamu huwa wanapenda kubisha.

“Mjomba Wang, Ufilipino uliiona kwa dirisha gani?”

“La chooni. Linaelekea kusini.”

Basi tuingie kwenye kazi. Dada Luan, kama tunavyomwita wote, anastaafu tarehe 31 Julai mwaka huu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane. Kesho yake, tarehe 1 Agosti, skrini zote alizozichora kwenye meza za kupimia zitafutwa na kuwekwa mpya. Hilo la pili sikuagizwa kuliandika. Naliandika kwa sababu naona si sawa, na kabla ya mstari wa mwisho nitaiomba ofisi, mbele yenu wasomaji wote, iziache zilivyo. Mwenye haraka anaweza kuruka mpaka huko, ila atakosa mengi mazuri yanayonihusu.

Dada Luan alizaliwa Lukang, kwenye uchochoro wa nyuma ya hekalu, katika nyumba ambayo baba yake alichora taa za karatasi. Alijua kushika brashi kabla hajajua kushika vijiti vya kulia. Alipoingia kiwandani aliwekwa upande wa gasketi, kazi ya kupanga raba za duara kwenye maboksi, na kila boksi lililopita mikononi mwake lilitoka na kisamaki kimechorwa kwenye kona. Msimamizi wa wakati huo alimjia juu.

“Wewe binti, hapa tunauza vali au samaki?”

“Vali, bwana. Samaki ni wa bure.”

Bosi mzee, aliyekuwa akipita na kikombe chake, alicheka mpaka chai ikamwagikia kwenye viatu. Akasema binti huyo atolewe kwenye raba akaandike lebo. Hivyo ndivyo alivyopanda cheo mara ya kwanza. Mimi wakati huo sikuwa nimeajiriwa, la sivyo ningempandisha mwenyewe.

Kompyuta za kupimia zilipoletwa zilikuja na programu ya aina yake, ambayo huandiki maneno bali unachora. Dirisha moja ndilo tumbo la programu, limejaa visanduku vilivyounganishwa kwa nyaya ambazo wenyewe wanasema kila moja ina rangi yake. Dirisha la pili ndilo uso, na huko ndiko kuna vitufe, geji na taa anazozitazama mpimaji. Mainjinia wetu walilipenda tumbo. Uso waliuacha ulivyotoka dukani, kitufe kijivu juu ya geji kijivu, kama mbingu za hapa kwetu mwezi wa pili.

Dada Luan alikuwa ameitwa kubandika lebo tu. Akasimama nyuma ya injinia, akatazama.

“Hiki kitufe, ni lazima kiwe na sura hii?”

“Ndivyo kilivyo, dada.”

“Sijauliza kilivyo. Nimeuliza kama ni lazima.”

Injinia, labda ili aachwe afanye kazi, akakifungua kitufe kwenye dirisha lake peke yake, akabofya kialama cha kibano. Kitufe kikaachana vipande vipande, mithili ya saa mezani kwa fundi: fremu pembeni, kivuli chake, maandishi, picha ya kikiwa kimezimwa, picha ya kikiwa kimewashwa. Kila kipande unaweza kukitoa, ukaweka cha kwako. Wenzake Dada Luan wanasimulia kwamba siku ile hakwenda kula. Mimi nasema hakwenda kula wiki nzima, na boksi lake la wali na nyama nililimaliza mimi, maana kwa kuajiriwa nilikuwa nimeajiriwa siku hizohizo, na chakula ni dhambi kuharibika.

Akaanza masomo ya jioni pale shule ya ufundi. Akachukua brashi za baba yake, akawa anachora geji kwenye karatasi, anaipiga picha, anaiingiza ndani. Ndiyo maana geji za presha za kiwanda hiki mishale yake ni minene kwenye shina na myembamba kwenye ncha, kama mkia wa samaki unaogeuka majini. Mpimaji akiutazama mshale ule unapopanda anaona kabisa kwamba presha ni kitu chenye uzito. Mafundi wa viwanda vya jirani walikuja kuangalia. Walijifanya wamekuja kuazima spana.

Tusimpake mafuta tu, lakini. Dada Luan ana ulimi. Akikuambia umechelewa, unajisikia umechelewa kuzaliwa. Na amewahi kukosea, tena kosa la kuonekana kumbi zote tatu za kiwanda.

Alikuwa na utaratibu wake. Kitufe akishakitengeneza vizuri alikihifadhi mahali pamoja, akakiita mama. Vitufe vyote vya namna hiyo kwenye kila meza ni watoto wa mama huyo. Ukimbadilisha mama, watoto wote wanabadilika bila kufuatwa mmoja mmoja. Ni raha tupu, hadi siku utakaposahau uko kwa nani. Siku moja dada yake alimletea matopetope kutoka Taitung, na wakati wa mapumziko akawa anajifunza kuchora topetope na kulibandika kwenye kitufe, akiamini yuko kwa mtoto wa kuchezea. Kumbe yuko kwa mama. Akahifadhi, akaenda kunawa mikono.

Dakika ileile bosi mzee alikuwa akiingia ukumbini na wageni wa Osaka, wanunuzi wakubwa. Kwenye kila skrini, ukumbi hadi ukumbi, mahali pa kitufe cha KUANZA, likawa limekaa topetope moja kubwa, na magamba yake, na rangi yake ya topetope. Bosi akanigeukia mimi kana kwamba mtopetope wenyewe umeota kichwani kwangu.

Hapo mimi ndiye niliyekiokoa kiwanda. Niliinama, nikawaambia wageni kwa heshima zote kwamba hicho ni kitufe cha msimu. Mkubwa wao akalibonyeza topetope, mashine ikaunguruma, vali ikapimwa, akacheka kama mtoto. Akauliza msimu wa embe ni lini.

Wageni walipoondoka Dada Luan alikwenda mwenyewe mbele ya bosi, hakusubiri kuitwa.

“Nimekosea, bosi. Nilidhani niko kwa mtoto, kumbe niko kwa mama.”

“Rudisha.”

“Nimesharudisha.”

“La ofisini kwangu liache.”

Lilikaa humo mpaka kompyuta ile ilipokufa.

Sasa nifike kwenye kazi yake kubwa kuliko zote, ile itakayofutwa.

Zamani kila meza ya kupimia ilikuwa na balbu mbili za kweli. Ikiwaka ya juu, vali imepita. Ikiwaka ya chini, inavuja, itupe kwenye kreti la kurudia. Mtoto mdogo angeweza kuifanya kazi ile, na mimi niliifanya vizuri kuliko mtoto yeyote. Kisha balbu zikaondolewa, kila kitu kikaingia kwenye skrini, na mahali pa balbu mbili ikawekwa taa moja ya duara, ile iliyokuja na programu. Taa hiyo inakaa palepale ilipo na kubadilika rangi: kijani imepita, nyekundu inavuja.

Wiki ya kwanza ya taa hiyo nilimsumbua Dada Luan kuliko kimbunga.

“Dada Luan! Njoo uione hii taa yenu!”

“Ina nini?”

“Haieleweki!”

“Hiyo imepita, Wang.”

“Najua imepita! Nasema haina adabu!”

“Taa ya kompyuta inakuwaje na adabu, mdogo wangu?”

“Ya zamani ilikuwa na mahali pake pa kukaa!”

Anaondoka, namwita tena kwenye vali inayofuata. Ukumbi mzima ulisikia ugomvi wetu. Mpaka leo watu husema Mjomba Wang ndiye mshauri mkuu wa skrini zetu, na mimi sijawahi kuwabishia.

Bosi mzee naye alikuwa na kesi yake na taa hiyo. Alikuwa mtu wa hisa, na kwenye ubao wa hisa wa hapa kwetu nyekundu ni bei kupanda, kijani ni bei kuanguka. Akiingia ukumbini akakuta safu nzima ya taa za kijani, anashika kifua.

“Kiwanda changu kinaanguka?”

“Bosi, kijani maana yake vali ni nzima.”

“Kijani ni umaskini! Wekeni nyekundu, nyekundu ni heri!”

Ikawekwa nyekundu. Wakaja wakaguzi kutoka nje, wakaona skrini zote zimejaa nyekundu, wakaanza kuulizana mlango wa dharura uko wapi. Ikarudishwa kijani. Bosi akarudi kushika kifua. Rangi zikawa zinageuka kila anapopita mgeni, na asubuhi wapimaji wanasalimiana kwa kuulizana.

“Leo nyekundu ni nini?”

“Leo ni heri. Kesho muulize bosi.”

Katikati ya vurugu hizo ndipo lilipotokea jambo la pakiti, ambalo Dada Luan ametaniwa nalo mpaka leo, na huenda mkamtania nalo hata siku ya sherehe.

Hapa kwetu hakuna anayewasha mashine mpya bila kuiwekea juu yake pakiti ya vile vitafunio vya mahindi, ili itulie na ifanye kazi kwa adabu. Pakiti yenyewe ni ya kijani, ya ladha ya nazi, na iwe haijapitwa na tarehe yake. Ya njano haiwekwi kabisa. Ya njano ni kuiombea mashine homa. Mimi, kwa cheo changu, ndiye niliyekwenda dukani kununua pakiti ya meza mpya. Nikaiweka juu ya kompyuta kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikarudi nyuma hatua moja kuitazama.

Dada Luan akaja na kikombe chake. Akaitazama pakiti. Akanitazama mimi. Akaitazama tena pakiti.

“Wang, umeinunua wapi?”

“Dukani hapo kona.”

“Hakukuwa na nyingine?”

“Zilikuwa tele. Nimechagua iliyojaa.”

Akaweka kikombe chini, akaichukua ile pakiti kutoka juu ya mashine, akaipasua, akaanza kula. Akanimiminia na mimi kiganja kizima. Nilidhani joto limempanda kichwani. Karatasi yenyewe aliikunja ndogo kabisa akaitia mfukoni. Wenzetu wa zamu wakaingia, wakamkuta mdomo umejaa.

“Dada Luan! Unakula ya mashine?”

“Nilikuwa na njaa.”

“Si ungeiuliza kwanza?”

“Nimeiuliza. Imesema karibu.”

Walicheka mpaka wakashikilia meza. Tangu siku hiyo mashine yoyote ikigoma watu humuuliza Dada Luan kama ameinyang’anya chakula, na yeye huitikia kwamba leo bado, subirini mchana. Alikwenda mwenyewe kununua pakiti nyingine, akaiweka.

Mchana wa siku hiyo tulitoka pamoja kufuata chakula cha boksi ng’ambo ya barabara. Tumefika kwenye kivuko, akanisimamisha.

“Hivi wewe Wang unajuaje kama tuvuke?”

“Si yule mtu anatembea?” nikamwonyesha kile kijitu cha kwenye taa, kinachotembea wakati wa kuvuka na kukimbia muda unapokaribia kwisha.

“Na asipotembea?”

“Akisimama nasimama. Dada, jua limekupiga?”

Alibaki kwenye ukingo akikitazama kijitu kikitembea, kikikimbia, kikisimama, kikianza upya, huku pikipiki zikitupigia honi, nami najisemea moyoni wali wetu unapoa.

Siku chache baadaye, kwenye kikao cha asubuhi, akasimama.

“Bosi, nimechoka na vita vya rangi. Kuanzia leo taa ya duara haipo. Vali ikipita skrini inaonyesha lango limefungwa. Ikivuja inaonyesha tone la maji. Rangi zake paka unazotaka wewe.”

Bosi mzee akalipaka lango nyekundu kwa furaha zote, na wakaguzi hawakuuliza tena mlango wa dharura, kwa sababu lango lililofungwa ni lango lililofungwa hata ukilipaka nini. Dada Luan alimchora mama mmoja, na kumbi zote tatu zikabadilika mara moja. Tone alilichora kwa brashi, nene chini, limejitokeza mbele. Vijana waliliona tu wakaanza.

“Dada Luan, hili tone mbona lina kitambi?”

Akageuka kuniangalia, taratibu, tangu kifuani hadi kwenye mkanda.

“Nilichora nilichokiona.”

Toka hapo vali ikivuja hapa kiwandani hawasemi inavuja. Wanasema ametokea Mjomba Wang. Mimi sikuchukia. Ni watu wangapi wana sura yao kwenye kila skrini ya kiwanda wakiwa hai?

Kuna kitu kimoja cha kazi yake ambacho huwa nakifikiria nikiwa kwenye pikipiki kurudi nyumbani. Kitufe cha kufungulia presha hakina picha mbili tu, ya kuzimwa na ya kuwashwa. Kina pia picha za katikati, zile zinazoonekana wakati kidole kimebonyeza na bado hakijaachia. Zinakaa kwa kitambo kidogo mno, na mainjinia huziacha kama zilivyo. Dada Luan alikaa na picha hizo siku nyingi. Alichora mkono wa vali ukiwa nusu njia, na nyuma yake maji yamesimama, yanasubiri. Nilimwambia anapoteza muda.

“Nani ataiona hiyo, dada? Ni kufumba na kufumbua.”

“Wewe ukibonyeza presha kubwa, unaogopa lini?”

Nikafikiri. Kabla ya kubonyeza mtu bado ana hiari yake. Akishaachia, mambo yameshakwenda.

“Hapo katikati,” nikasema.

“Basi hapo ndipo panapotaka picha nzuri.”

Mimi nimeishi na watu wengi wenye kusema mambo makubwa, nikiwa wa kwanza. Ila hilo la Dada Luan sijapata la kulizidi.

Tufike mwaka huu. Mtaalamu wetu mpya, Injinia Ko Yen-ting, ni kijana mzuri, na sitaki mtu asome hapa akadhani namchongea. Anasalimia, anaosha kikombe chake mwenyewe, na kazi anaijua. Ofisi imenunua kompyuta mpya zenye skrini kubwa, na picha za Dada Luan zikivutwa humo zinakuwa na ukungu. Tena mama zake wamepandana kwa miaka mingi, huyu ndani ya yule, na hakuna anayewajua isipokuwa yeye. Injinia Ko alilisema hilo kikaoni kwa adabu, amesimama, mikono ameiweka mbele.

“Dada Luan, nisamehe. Siku kitu kikiharibika na wewe uko Lukang, mimi nitaanzia wapi? Nataka kurudisha taa za kawaida za programu. Duara, kijani na nyekundu. Zinajulikana dunia nzima.”

Bosi mzee alikuwepo, siku hizi huja kunywa chai tu. Hisa aliziacha tangu alipopata wajukuu. Akasema kwake yeye rangi zote sasa ni sawa. Kwa hiyo vita vya rangi vimekwisha, na ile sababu ambayo kila mtu aliijua nayo ikaisha.

Injinia Ko akaendelea, na hapa ndipo nilipoona ni kijana mwenye moyo. “Ila dada, kama kuna sababu ya kazi, hata moja, ya kutaka lango na tone vibaki, niambie. Nitazichora upya zote kwa skrini mpya, nitajifunza kwako mpaka siku ya mwisho. Sababu moja tu.”

Kikao kizima kikamgeukia Dada Luan. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni yake, nimeinama chini ya meza nikitafuta kifuniko cha chupa yangu ya chai, ambacho kilikuwa mkononi mwangu.

Aliitazama mikono yake. Ile mikono bado ina alama ya brashi kwenye kidole cha kati.

“Hakuna,” akasema.

“Kweli, dada?”

“Futa tu, mwanangu. Nilikuwa napenda kuchora, basi.”

Nikamkimbilia kwenye korido. Mtu wa kitambi changu hakimbii ovyo.

“Dada, kwa nini umesema hakuna? Kazi ya miaka yote ile!”

“Ungetaka niseme nini?”

“Useme sababu!”

Akanishika bega. Mara nyingi akinishika bega ni ili anisogeze njiani. Safari hii aliniacha nilipo.

“Si yangu kuisema, Wang.”

Akaenda zake kunywa chai.

Basi, ndugu wasomaji, ofisi ilipokuja kuniomba wasifu huu nilikuwa na siku nyingi sijalala vizuri. Nimeandika yote ya juu kwa raha, matopetope na samaki na bosi na kifua chake, na nilipofika hapa nimekaa, kidole kimebonyeza na bado hakijaachia.

Kwanza nimuage kama inavyopasa. Dada Luan, kwa niaba ya kumbi zote tatu, jikoni na getini, tunakushukuru. Umetupa uso wa kutazama kila asubuhi, na hukuchoka kuupamba hata pale ambapo hakuna ambaye angeona. Brashi za baba yako zisikauke. Nyumba ya uchochoroni ipate mwanga mzuri wa kuchorea, magoti yakuruhusu ngazi za hekaluni, na chaza wa Lukang wasikupungukie mezani. Sisi tutakuja siku za mapumziko kukusumbua, na ukitukuta tunakula chakula cha wageni, useme kimetukaribisha chenyewe.

Pili, ombi langu. Injinia Ko, ulitaka sababu moja ya kazi. Ipo. Ina miaka hamsini na minne, ina kitambi, na ndiyo inayoandika hapa.

Macho yangu yanaliona tone likifikiria kudondoka, na hilo silifuti. Lakini kijani na nyekundu mimi siwezi kuzitenganisha, tangu utotoni, na njano huwa inaingia humohumo. Kile kimbunga nilikisikia kwenye redio. Na pakiti niliyoiwekea mashine kwa mikono miwili ilikuwa ya njano. Niliijua kwa ulimi, maana kiganja changu kizima hakikuwa na nazi hata punje. Dada Luan aliila ili msiione, akakubali muwe mnamcheka yeye.

Zile rangi mbili za taa yako mpya, kijana wangu, mimi naiona moja. Niachie lango na tone. Nitakaa nawe umchore upya huyo mama, nitakuletea na chai.

Na pakiti ya kuzindulia hizo kompyuta mpya, tafadhali, anunue mtu mwingine.